Mavi ya Fisi Maji Niliyoyapika kwa Mkono Wangu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mkosaji, na sitaki mtu anitafutie sababu. Nimewaua fisi maji wa mto Ruiru, mama na watoto wake wawili, na sikushika bunduki wala rungu. Niliwaua kwa mavi. Tena si mavi yao! Ni mavi niliyoyapika mwenyewe, kwa mkono huu huu unaoandika.

Chekeni kwanza, nitangoja. Kila niliyemsimulia alicheka kabla sijafika katikati.

Jina langu halitawasaidia kitu. Jueni tu kwamba kwetu ni Gatuanyaga, mahali pakavu, na kwamba nilikuwa najua mbuzi kuliko nilivyojua mto. Nilisoma kidogo, nikaona jembe halinifai, nikaja Ruiru kutafuta kazi ya mtu aliyesoma. Nikaandikwa na mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa kando ya mto. Wafanyakazi walimwita Bwana Darubini kwa sababu darubini yake haikutoka shingoni hata siku ya kanisa.

Bwana Darubini alikuwa amefiwa na mkewe na hakuwa na mtoto. Jioni alishuka na kiti chake mpaka kwenye kidimbwi kilichokuwa chini ya nyumba, akakaa kimya kuwangoja fisi maji. Wakitokea, alitabasamu peke yake. Wakichelewa, alirudi nyumbani bila hamu ya chakula, na mpishi wake akalalamika.

Sasa, wazungu wa klabu ya uvuvi hawakuwapenda wale wanyama hata kidogo. Walikuwa wamemwaga mtoni samaki wao wa Ulaya wanaoitwa trauti, na trauti walipopungua, mwizi akatafutwa. Wazungu wenyewe walikuwa wanawavua kila Jumamosi na kuwala kila Jumapili, lakini hiyo haikuitwa wizi. Mwizi alikuwa fisi maji.

Bwana Darubini alibishana nao sana. Alisema fisi maji hawa ni wachache, na chakula chao ni kaa wa mtoni. Mwishowe mkubwa wa idara ya samaki, ambaye sisi tulimwita Bwana Samaki, akakata shauri: ushahidi uletwe. Mavi ya fisi maji yakusanywe mto mzima, yafungwe kwenye mikebe, na yeye mwenyewe aje kuyafungua. Yakionekana maganda ya kaa, wanyama waachwe. Ikionekana mifupa ya trauti, wauawe.

Bwana alinieleza yote haya siku aliyoniandika. Nasema kweli, alinieleza, pole pole, mara mbili. Lakini mimi nilikuwa natazama kofia.

Ilikuwa kofia ya khaki, mpya, yenye kamba ya ngozi kidevuni. Nilikuwa nimepewa pamoja na kaptula na barua ya ruhusa ya kutembea kando ya mto. Nanyi mnajua hali ya hatari ilivyo, kwamba mtu akionekana mtoni bila barua atajieleza akiwa amelala kifudifudi. Mimi nilipita nikipiga mluzi! Kichwani niliingiza neno moja tu katika yale yote aliyosema Bwana, kwamba anawapenda fisi maji. Nikajiambia, basi akiletewa habari za wengi atafurahi zaidi.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Fisi maji ana adabu, haendi haja popote anapojisikia. Ana jiwe lake kando ya maji, na hapo ndipo choo cha jamaa yote. Kila asubuhi nilitakiwa kupita kwenye mawe, nizoe mavi mapya, niyatie mkebeni, niandike juu yake jina la mahali, kisha nilifagie jiwe ili kesho nisizoe ya jana. Bwana aliziba mikebe kwa nta mwenyewe bila kuchungulia ndani. Hakutaka klabu iseme kwamba ameichezea. Alikuwa mtu mnyofu, na unyofu wake ndio ulionisaidia kumwangamiza.

Siku za kwanza nilifanya kazi vizuri. Niliyajua mavi halisi, makavu, mekundu mekundu kwa vipande vya maganda ya kaa. Nilijifunza hata kukaa kimya kama Bwana. Nilimwona yule mama akimleta mtoto majini kwa kumkamata ngozi ya shingo, mtoto akipiga kelele kama anayeogeshwa kwa maji baridi. Niliwapenda, sitadanganya. Ndiyo maana dhambi hii haina pa kujificha.

Lakini watu, jamani, watu! Askari wa homugadi, wale walinzi wa serikali, alinisimamisha darajani na bunduki yake.

"Kuja hapa! Hiyo mkebe iko na nini?"

"Mavi, afande."

"Unanichezea? Fungua!"

Nikafungua. Alikuwa anatafuta risasi, akaweka pua kabisa. Aliruka nyuma, akatema mate, akaita wenzake waje waone. Kufika jioni Ruiru nzima ilikuwa imenipa jina: Karani wa Mavi. Nilikuwa nimetoka Gatuanyaga kuja kuwa karani, na kweli nikawa.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Njeri. Njeri alichuma kahawa pale shambani, na mimi na yeye tulikuwa na maneno yetu. Baba yake, mzee wa kanisa, alikuwa hajakubali wala kukataa. Alikuwa ananiangalia tu.

"Karani, leo umeandika barua ngapi?" Njeri aliniuliza mbele ya wanawake wote kwenye foleni ya mizani.

"Cheka tu. Hii ni kazi ya serikali karibu."

"Ai! Serikali imeanza kukusanya hiyo pia? Na kodi haitoshi?"

Wanawake walicheka mpaka mnyapara akafoka. Nami nikavuta kofia chini, nikaapa kwamba nitapanda cheo ili wafunge midomo.

Kisha mvua ndefu zikaanza, na uvivu wangu ukapata kisingizio. Kando ya kidimbwi njia ilikuwa nzuri. Lakini huko mbali, juu ya maporomoko, kulikuwa na matope, miiba na siafu, na mara nyingi nilifika nikakuta mawe matupu. Kuleta mikebe mitupu niliona ni aibu. Siku moja nikachukua mavi ya kidimbwini, nikayagawa kwenye mikebe yote, nikaandika majina ya mahali ambapo sikufika. Kisha nikaenda kukaa hotelini mjini, nikaagiza chai na mandazi.

Bwana Darubini alipoona mikebe imejaa, uso wake uling'aa!

"Huko juu pia? Fisi maji iko huko juu pia?"

"Iko, Bwana. Mingi sana."

"Mzuri sana! Wewe mtu ya maana!"

Mtu wa maana! Tangu nizaliwe hakuna aliyeniita hivyo, hata mama yangu. Neno lile lililevya kuliko muratina. Kesho yake nikataka kulisikia tena, na kesho kutwa, na kidimbwi kimoja hakiwezi kumlisha sifa mtu mwenye njaa kama yangu. Mavi yakawa hayatoshi.

Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo Mkikuyu peke yake angelifanya. Sisi watu wa huku, samaki tunamwona ndugu wa nyoka. Hatumli, hatumshiki, hatujui mifupa ya huyu na ya yule. Nilijua kwamba fisi maji hukaa majini, na majini mna samaki, basi nikaona mavi yake lazima yawe na mifupa ya samaki. Yale maganda ya kaa niliyoyaona kila siku kwa macho yangu niliyahesabu kama uchafu wa njiani. Nikaenda jikoni kwa klabu ya uvuvi, kwa Onyango mpishi.

"Omera," aliniambia huku akiwa amejishika kiuno, "nyinyi watu mnakimbia samaki hata akiwa kwa sahani. Sasa unataka mifupa ya nini?"

"Ya dawa."

"Dawa ya kuponya nini?"

"Umaskini."

Akacheka, akanijazia gazeti zima. Ilikuwa mifupa ya trauti, wasomaji wangu! Trauti waliokaangwa kwa siagi, wakaliwa na wazungu wa klabu kwa uma na kisu, mifupa ikasukumwa pembeni mwa sahani. Mimi nikaibeba kwapani kama mtu aliyeokota bahati.

Nikaanza upishi. Niliitwanga kwenye kinu cha kuazima, nikachanganya na ugali uliolala, majivu na tope la mtoni, nikafinyanga, nikaanika juu ya bati nyuma ya nyumba. Yalipendeza! Kwa kuwa Bwana alipenda pia nyayo, na nyayo za mnyama huyu zinafanana na kiganja cha mtoto, nilipanda mpaka juu ya maporomoko, nikaacha mabonge machache juu ya mawe, nikapiga magoti kwenye matope nikabonyeza vidole vyangu, mbele, nyuma, mbele, nyuma, mpaka jamaa zima la fisi maji likatembea pale. Mwanamume mzima, mwenye kofia!

Njeri alinikuta uani nikifinyanga. Alikuwa ameleta viazi kutoka kwa mama yake. Alisimama akanitazama, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

"Hiyo ni nini unafanya?"

Nikamwambia. Nilidhani atanisifu kwa akili.

"Wũi! Na huyo mzungu akijua?"

"Atajuaje? Mikebe imefungwa na nta. Anafurahi, mimi nafurahi, fisi maji wanafurahi."

"Na hiyo mavi inapelekwa wapi? Si lazima kuna mtu ataifungua?"

"Mkubwa fulani wa samaki."

"Anatafuta nini ndani?"

Nikafungua mdomo nijibu, na hapo hapo yale maneno ya Bwana, niliyoyasikia siku ya kofia bila kuyasikiliza, yakanirudia moja moja. Maganda ya kaa, waachwe. Mifupa ya trauti, wauawe. Mikono yangu ikabaki imeshika bonge.

"Enda umwambie leo," Njeri akasema. "Leo leo. Atakufukuza, sawa. Kuna kazi ya kuchuma. Mimi sitakucheka."

Nilisema nitaenda. Nilifika mpaka kwenye ngazi za nyumba, nikamkuta Bwana anaziba mikebe yangu kwa nta, anaimba kwa sauti ndogo. Akaniona, akasema, "Mtu ya maana, karibu." Nikauliza kama kuna kuni za kupasua. Nikapasua kuni, nikaondoka. Ngai anisamehe!

Bwana Samaki akaja. Waliweka meza ndefu barazani, mikebe yangu upande huu, chai na keki upande ule, na wazungu wa klabu wakakaa kwa soksi zao ndefu kama wazee wa baraza. Mimi nilisimama pembeni na kofia mkononi. Bwana Darubini alikuwa amevaa tai. Alijua atashinda.

Mikebe ya kwanza ilikuwa ya zamani, ya siku nilipokuwa mtu mwaminifu. Bwana Samaki alichokora kwa kibanio, akatoa maganda ya kaa, maganda, maganda. Bwana Darubini alinitupia jicho la furaha. Kisha ukafunguliwa mkebe wa juu ya maporomoko, na kibanio kikatoka na mfupa mwembamba. Kisha mwingine. Kisha mkebe uliofuata, mifupa mitupu.

Wazungu wa klabu wakaanza kucheka na kupigana mabega. Mmoja alikuwa akitafuna keki, makombo yanamwangukia juu ya ushahidi. Ninaapa kwamba ile mifupa aliyoichekelea ilikuwa imepita kwenye sahani yake.

Bwana Darubini akaniita. Hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayetafuta fimbo yake gizani.

"Hii yote natoka kwa fisi maji? Wewe kwisha ona mwenyewe?"

Njia ilikuwa wazi mbele yangu, pana, imefagiliwa. Neno moja tu, "Hapana." Ningepoteza kofia, kaptula na barua, ningechekwa kutoka Ruiru mpaka Thika, na mzee wa kanisa angemwambia binti yake achague mwingine. Lakini mama yule na watoto wake wangekuwa hai.

"Ndiyo, Bwana," nikasema. "Yote ni ya fisi maji."

Aliitikia kwa kichwa. Nadhani aliamini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko viboko, kwamba aliniamini mimi kuliko macho yake ya jioni zote zile.

Msako ukapangwa Jumamosi, na nani awe kiongozi wa njia? Mtu ya maana! Nilitangulia mbele ya mbwa na bunduki, nikawapeleka kwenye mawe yangu ya uongo. Pale juu ya maporomoko mbwa walinusa kazi yangu, wakatazamana, kisha mkubwa wao akailamba, akaila. Siagi ya Onyango ilikuwa bado imo! Mbwa alikuwa shahidi mwaminifu kuliko mimi, lakini nani humwuliza mbwa? Wazungu walisema fisi maji wamekuwa wajanja, wamehama. Walihama kutoka mahali ambapo hawakuwahi kukaa.

Niliomba Mungu wachoke. Hawakuchoka, walikasirika. Basi wakashuka mpaka mahali pekee palipobaki, kidimbwini chini ya nyumba ya Bwana.

Sitaeleza mengi. Yule mama alitokea juu kwa sababu alikuwa amezoea watu. Bwana Darubini alikuwa amemfundisha kwa jioni nyingi kwamba mtu aliyekaa kimya hana ubaya. Mama yule alitutazama, akanyanyua shingo, na mimi nilikuwa mbele kabisa. Bunduki zikalia. Watoto walitoka kumtafuta mama yao, wakapiga zile kelele zao za maji baridi, na bunduki zikalia tena.

Bwana Samaki akaamuru wapasuliwe matumbo hapo hapo, ili kazi ikamilike. Tumbo la mama lilikuwa na kaa, kaa, na chura mmoja. Watoto walikuwa na maziwa.

Halafu mzungu mmoja wa klabu akakohoa, akasema kwamba pengine leo hawakutamani samaki. Wakakusanya mbwa wao, wakaenda kula. Ilikuwa siku ya trauti.

Bwana Darubini alibaki amechuchumaa juu ya lile tumbo. Akashika ganda la kaa, akaligeuza geuza. Kisha akanitazama mikono, si usoni, mikono. Sijui aliona nini, maana nilikuwa nimeinawa. Nikaanguka magoti nikamwambia yote, Onyango, kinu, ugali, vidole vyangu kwenye matope. Nilikuwa na maneno mengi sana siku ile! Yalikuwa yamechelewa kwa nusu saa.

Hakunipiga. Nilitamani anipige. Alisema tu, "Kesho kazi kama kawaida," akapanda nyumbani, na kiti chake akakiacha mtoni.

Njeri hakunifokea pia. Siku hizi ananisalimia kama anavyomsalimia karani wa mizani, habari, mzuri, basi. Siku moja nilimshika mkono nikamwambia nilikiri mwishowe. Akautoa mkono wake bila haraka. "Ulikiri kwa maiti," akasema. Baba yake sasa anachangamka sana akiniona. Amejua hakuna hatari.

Na trauti? Wanaendelea kupungua. Klabu imeanza kuwatilia shaka ndege wa mtoni.

Wewe unayesoma haya, labda umeandikwa kazi ya kumtazamia mwenzio kitu anachokipenda, mnyama, mti, mgonjwa au mtoto. Usimpendeze! Ukiona kimoja sema kimoja, na usipoona kitu, rudi na mkebe wako mtupu, usimame mbele yake uaibike. Aibu ile ni ya asubuhi moja. Na ukishasema uongo, kimbia ukaseme kweli kabla mtu hajauamini uongo huo, kwa maana uongo ukishaaminiwa si wako tena, unatembea kwa miguu yako na kuua kwa bunduki za watu.

Mimi bado nina kofia. Kila asubuhi naenda mto mzima, mpaka juu ya maporomoko, kwenye matope na siafu, siruki jiwe hata moja. Mawe ni masafi. Jioni napanda ngazi, Bwana anafungua mlango, ananiuliza kama nimeona.

"Hakuna, Bwana," nasema.

Jana aliitazama mikono yangu kwanza.

"Mzuri," akasema. "Sasa wewe nasema kweli." Akafunga mlango.